Mzigo Unatua Wapi? Forklifti ya ardhi mbovu na telehandla katika ujenzi wa bweni la ghorofa tatu, Dodoma

Kisa hiki kinahusu mkandarasi wa daraja la kati aliyepata kazi ya kujenga bweni la chuo pembezoni mwa jiji la Dodoma, jengo la sakafu ya chini na ghorofa tatu juu yake, lenye urefu wa mita 45 na upana wa mita 14. Jina lake na la chuo nimeyaacha kwa sababu hayabadilishi lolote katika hoja. Swali alilotuletea sisi washauri wake lilikuwa fupi: akodi forklifti ya ardhi mbovu ya tani 3, au akodi telehandla ya tani 4 yenye mkono unaofika mita 14 kwenda juu? Alikuwa na bei mbili mkononi, na kwa bei hizo siku moja ya telehandla ilimgharimu karibu sawa na siku mbili za forklifti. Msimamizi wake wa saiti alitaka telehandla kwa kipindi chote cha kazi. Mhasibu alitaka forklifti, na palipobaki juu zaidi vijana wapandishe kwa winchi.

Wote wawili walikuwa wanabishana juu ya uzito na urefu, kwa kuwa ndizo namba mbili zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila kipeperushi cha mashine. Namba iliyoamua kisa hiki ni ya tatu, na kwenye vipeperushi huwa imefichwa ndani ya mchoro: umbali wa mlalo kutoka kwenye matairi ya mbele hadi mahali mzigo unapotua.

Nianze na tofauti ya mashine zenyewe, kwa kuwa uma zinazofanana mbele huwafanya watu wengi wadhani ni ndugu wa karibu kuliko walivyo. Forklifti ya ardhi mbovu ni forklifti kwa maana kamili: ina mlingoti wima, uma unaopanda na kushuka juu ya mlingoti huo, matairi makubwa yenye meno, na tumbo lililoinuliwa juu ya mawe na matope. Asili yake ni trekta. Mwaka 1958 huko Ancenis, Ufaransa, Marcel Braud aligeuza mpangilio wa trekta na kufunga mlingoti upande wa nyuma, na kutoka hapo likazaliwa jina la mashine za Manitou. Telehandla ilikuja baadaye ikiwa na mkono mmoja unaonyanyuka kwa pembe na kurefuka kama mrija ndani ya mrija. JCB ya Uingereza ilitoa Loadall yake ya kwanza mwaka 1977. Kwenye forklifti mzigo hupanda wima, na umbali wake kutoka kwenye ekseli ya mbele haubadiliki kwa kiasi cha kutisha. Kwenye telehandla kila hatua ya mkono hubadilisha umbali huo, na ndiyo maana mashine iliyoandikwa tani 4 inaweza kubakiwa na tani moja na ushei tu pale mkono unaponyooshwa mbele hadi mwisho wake.

Sasa turudi saiti. Sakafu za juu zilipangwa kuwa mita 3.2, mita 6.4 na mita 9.6 kutoka usawa wa ardhi, na boriti ya paa mita 12.8. Skafuldi, yaani majukwaa ya muda ya mafundi, ilizunguka jengo lote na kuchukua mita moja na nusu kutoka ukutani. Nje ya skafuldi kulikuwa na ukanda wa upana wa mita moja hivi ambako mtaro wa msingi ulikuwa umejazwa udongo bila kushindiliwa vizuri, na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angepeleka gurudumu lenye mzigo juu yake. Kwa hiyo matairi ya mbele yalilazimika kusimama mita 2.5 kutoka ukutani. Paleti ya matofali, yaani jukwaa la mbao ambalo uma huingia chini yake, ina urefu wa mita 1.2. Ili itue salama sentimita 50 ndani ya ukingo wa sakafu, kitovu cha mzigo kinakuwa mita 1.1 ndani. Jumla yake ni mita 3.6 za mlalo. Uma wa forklifti una urefu wa kama mita 1.2. Hata ingekuwa na mlingoti wa kufika mawinguni, forklifti ile isingefikisha paleti juu ya sakafu yoyote kutokea pale iliporuhusiwa kusimama.

Mhasibu alikuwa na jibu, na halikuwa jibu la kipuuzi. Alisema sehemu moja ya skafuldi ifunguliwe, mtaro wa hapo ushindiliwe upya kwa changarawe, na forklifti isogee mpaka ukutani. Kwa sakafu ya kwanza hilo linawezekana kabisa, na lilifanyika. Kwa sakafu ya pili hesabu inabana: uma unatakiwa kufika kama mita 6.7 ili paleti ivuke ukingo, na milingoti ya kufika huko ipo ila si ya kila forklifti, wala haikuwapo kwenye ile iliyotolewa bei. Kwa sakafu ya tatu mjadala unakwisha wenyewe.

Telehandla ya mita 14 ilifika. Jedwali lake la mzigo lilionyesha kuwa kwa mita 3.6 mbele na mita 10 juu, jeki za mbele (miguu ya chuma inayoshushwa kuituliza mashine) zikiwa chini, ilikuwa na uwezo wa zaidi ya tani 2, na paleti nzima ya matofali haikufika tani moja na nusu. Msimamizi alikwishaanza kutabasamu, na hapo ndipo mhandisi wa majengo alipouliza swali ambalo wengine wote hatukuwa tumeliuliza: sakafu yenyewe inabeba nini?

Tofali la inchi 6 la saruji na mchanga, lisilo na matundu, lina uzito wa kilo 30 hivi. Matofali 40 ni kilo 1,200 zinazokaa juu ya eneo la mita 1.2 kwa mita 1, yaani tani moja kwa kila mita mraba. Sakafu ya chumba cha kulala husanifiwa kubeba watu na vitanda, mzigo wa kama kilonyutoni 2 kwa mita mraba, ambao ni sawa na kilo 200. Paleti moja ni mara tano ya hapo, na zege lenyewe bado changa. Mhandisi alitoa masharti matatu: paleti zipunguzwe hadi matofali 24, zitue juu ya mistari ya boriti peke yake, na mirunda, zile nguzo za muda za chini ya sakafu, isitolewe mpaka matofali yawe yametawanywa kwenye kuta. Mzigo ukashuka kutoka kilo 1,200 hadi kilo 720, ukiacha uzito wa mbao za paleti. Tani 4 za telehandla zilizopiganiwa kwa maneno mengi hazikuwa na kazi tena. Urefu wa mkono wake ndio uliobaki na kazi, na haya mawili hulipiwa pamoja kwa sababu mashine yenye mkono mrefu lazima iwe nzito ili isipinduke.

Uzito huo ndio uliotuleta kwenye ardhi. Eneo lile lina udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi na kuvimba ukigeuka uji mvua zinapoanza. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Machi au Aprili, na ratiba iliweka sakafu ya pili katikati ya Januari na Februari. Telehandla ya aina hii ina uzito wa tani 10 na zaidi. Forklifti ya tani 3 ni kama nusu ya hapo. Mkono unapoelekea mbele na mzigo, sehemu kubwa ya uzito wote huhamia kwenye jeki mbili za mbele. Tukichukua tani 6 kwa jeki moja yenye bamba la sentimita 40 kwa 40, ardhi chini ya bamba hilo inapokea kama tani 37 kwa mita mraba. Udongo wa mbuga uliolowa haubebi hata robo yake. Tuliagiza majukwaa ya mbao ngumu za inchi 3, tabaka mbili zilizopishana, ya mita 1 kwa mita 1, na mgandamizo ukashuka hadi tani 6 kwa mita mraba. Chini yake tukaweka kifusi cha mawe na changarawe kilichoshindiliwa.

Kuzama kwa jeki moja ni hatari kuliko kunavyoonekana na mtu aliyesimama chini. Mashine ikiegemea upande kwa nyuzi 2, mzigo ulio mita 10 juu unahama sentimita 35 kwenda upande huo. Ikiegemea nyuzi 5, unahama sentimita 87. Kwa macho nyuzi 2 ni kitu kidogo ambacho opereta hawezi kukiona bila kipimo cha usawa kilichomo ndani ya kibanda, na kwenye mashine nyingi kipimo hicho ni kijirija chenye povu ambacho vumbi la saiti hukifunika wiki ya kwanza. Sharti la kukifuta kila asubuhi liliandikwa kwenye orodha ya ukaguzi, mstari mmoja na mafuta ya injini.

Suala la opereta lilihitaji muda mrefu kuliko yote, na nadhani ndilo lililostahili. Waendesha forklifti wanapatikana: maghala yamewafundisha wengi. Wa telehandla ni wachache, na mkandarasi alikusudia kumhamisha opereta wake wa forklifti, kijana makini mwenye rekodi safi. Tatizo la opereta mzuri wa forklifti ni kwamba mikono yake imekwisha kujifunza jambo ambalo kwenye telehandla ni la hatari. Kwenye forklifti kushusha mzigo ni kitendo cha usalama. Ukiona mambo yanayumba, unashusha. Kwenye telehandla kushusha mkono bila kuurudisha ndani kunausukuma mzigo mbele. Chukua mkono uliorefushwa hadi mita 12 na kunyanyuliwa kwa pembe ya nyuzi 60: ncha yake iko mita 6 mbele ya egemeo lake. Ushushe hadi nyuzi 30 bila kuufupisha, na ncha iko mita 10.4 mbele. Mzigo ni uleule, opereta hakuongeza hata tofali moja, naye alichofanya ni kile ambacho miaka yake yote ya kazi ilimwambia ni salama. Mashine inanyanyua magurudumu ya nyuma.

Telehandla za sasa zina kifaa kinachopima mwelekeo wa kupinduka na kukata mwendo wowote unaozidisha hatari, kikiacha ule wa kurudisha mkono ndani. Ni kifaa kizuri. Pia kina swichi ya kukipita kwa dharura, na kwenye saiti zenye haraka dharura hutokea kila siku. Ushauri wetu ulikuwa mkandarasi akodi mashine pamoja na opereta wake, mwenye cheti cha mashine hiyo yenyewe, na kijana wa forklifti akae karibu ajifunze taratibu. Mkandarasi aliona ni gharama ya ziada. Alikubali baada ya kukumbushwa kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haimwangalii mwenye mashine peke yake pindi mtu anapoumia saiti, na kwamba wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wangetaka kuona cheti cha ukaguzi wa kifaa cha kunyanyulia pamoja na sifa za anayekiendesha.

Baada ya hapo swali lilibadilika. Kwa kuwa telehandla ilihitajika, je, ilihitajika muda wote kama alivyotaka msimamizi? Kila ghorofa ilikuwa na kama mita mraba 800 za ukuta baada ya kutoa milango na madirisha, na kwa matofali 10 kwa mita mraba tunapata matofali 8,000. Kwa matofali 24 kwa paleti, hiyo ni mizunguko 333. Telehandla ya kawaida haizungushi kiuno. Ili ichukue paleti nyingine lazima inyanyue jeki, irudi nyuma, igeuke, ichukue, irudi palepale na kushusha jeki tena. Zipo telehandla za kuzunguka nyuzi 360 juu ya magurudumu yake, ila bei yake ingemfukuza mkandarasi huyu kwenye kikao. Paleti zikiwa zimepangwa mita kumi au kumi na tano nyuma ya mashine, mzunguko mmoja unawezekana kwa dakika 6, na ghorofa nzima kwa saa 33 za kazi. Ni chini ya wiki moja.

Lakini matofali yote 8,000 hayawezi kukaa juu ya sakafu changa kwa pamoja, kwa sababu ileile ya mhandisi. Lazima yapande kwa kufuata kasi ya mafundi, na hilo huvuta wiki moja kuwa mbili. Zaidi ya hizo wiki mbili kwa kila sakafu ya juu, telehandla ingekuwa inasubiri nondo zifungwe, fomweki (mbao za kushikilia zege bichi) ipigwe na zege likomae. Kuikodi kwa muda wote wa mradi kungekuwa kulipa mashine ikae juani. Wenye mashine za kukodi wanalijua hili vizuri, na ndiyo maana bei ya mwezi huonekana tamu.

Yadi ya kufyatulia matofali ilikuwa upande wa pili wa kiwanja, zaidi ya mita 80 kutoka jengoni. Kuitembeza telehandla ya tani 10 umbali huo mara 333 kwa kila ghorofa, Januari, juu ya udongo wa mbuga, kungeivuruga njia kwa siku chache na kuzidisha muda wa mzunguko mara mbili au tatu. Hapo forklifti ilipata kazi yake halali: kutoa paleti yadini na kuzipanga nyuma ya telehandla, kuhudumia sakafu ya chini na ya kwanza kupitia mlango uliofunguliwa kwenye skafuldi, na kupakua malori. Katika kupakua ilizidiwa na telehandla jambo moja: haifikii upande wa pili wa lori, hivyo ililazimika kuzunguka, na nafasi ya kuzunguka ilibidi ijazwe changarawe nayo. Nondo za mita 12 hazikuipenda mashine yoyote kati ya hizi mbili. Fungu likibebwa katikati kwa uma wa upana wa mita moja, ncha zake huning'inia na kupiga kila kitu njiani, kwa hiyo nondo zilishushwa kwa mikono karibu na meza ya kukunjia, kama ilivyozoeleka.

Na kuna jambo ambalo hakuna bei yoyote kati ya zile mbili iliyoligusa. Mashine zote mbili hunyanyua kwa uma, na uma hunyanyua paleti. Saruji yetu hufika kwenye semitrela ikiwa mifuko ya kilo 50 iliyopangwa moja kwa moja juu ya sakafu ya lori. Matofali yetu hufyatuliwa na kuanikwa chini safu kwa safu, yakimwagiliwa maji mpaka yakomae. Hakuna paleti popote katika mnyororo huo. Nimeona saiti ambako mashine ya gharama kubwa inanguruma huku vijana wanne wakiipangia matofali moja moja kwenye uma, na kwa hesabu ya saa ile vijana wale wenye toroli wangefanya kazi hiyohiyo kwa dizeli sifuri. Tulipendekeza paleti 120 za mbao zitengenezwe saiti kabla mashine yoyote haijaingia, na wafyatuaji walipwe kwa tofali lililopangwa juu ya paleti baada ya kukomaa, si kwa tofali lililotoka kwenye kalibu. Wafyatuaji walinung'unika kwa haki: kupanga ni kazi mpya. Wakaongezewa kiasi kidogo kwa kila paleti. Katika maamuzi yote ya mradi ule, kwa maoni yangu, hilo la paleti ndilo lililorudisha fedha haraka kuliko mengine.

Mpangilio uliokubaliwa ukawa hivi: forklifti ya tani 3 tangu kuta za chini zinaanza hadi kuta za juu zinamalizika, telehandla ya mita 14 pamoja na opereta kwa wiki mbili kwa sakafu ya pili na wiki mbili kwa ya tatu, sakafu ya kwanza ihudumiwe na forklifti peke yake. Mkataba wa kukodi ulitaja umbali wa mita 3.6 na urefu wa mita 10 kama nukta ya kazi, na kumtaka mwenye mashine athibitishe kwa maandishi uwezo wake katika nukta hiyo, pamoja na jedwali la mzigo linalosomeka likiwa limebandikwa ndani ya kibanda. Mmoja wa wakodishaji alijitoa baada ya kusoma kipengele hicho, akisema mashine yake ni ya tani 4 na hilo linatosha. Usafiri wa lowbedi, trela la chini la kubebea mashine, kutoka Dar es Salaam, safari ya kilomita 450 hivi kwenda na nyingine kurudi, uliongeza gharama ya kuileta telehandla mara mbili, na kwa sababu hiyo tarehe za kumwaga zege la sakafu hizo mbili zilisogezwa ili mashine ishuke kwenye gari udongo ukiwa tayari umeandaliwa na paleti zimejaa.

Lilibaki paa. Msimamizi alitaka telehandla ipandishe kenchi, yaani fremu za mbao za kubeba paa, za upana wa mita 14 kwa kutumia ndoano kwenye ncha ya mkono. Uzito wa kenchi moja haukuwa tatizo kabisa. Tatizo ni kwamba mzigo unaoning'inia hucheza, na mita zake chache za kuyumba huongezeka kwenye umbali ule wa mlalo ambao jedwali limeuhesabu ukiwa umetulia. Kenchi nayo ni kama tanga, na paa lilipangwa Agosti, mwezi ambao upepo wa Dodoma hauna mzaha. Boriti ya mita 12.8 pamoja na kimo cha kenchi na urefu wa kamba za kufungia vilipita mita 14 za mkono wenyewe. Kwa kazi hiyo iliandikwa kreni ya kukodi kwa siku moja, ianze alfajiri kabla upepo haujaamka.